Chupa Isiyotiwa Matone

Nchini Yakini mtu haitwi mgonjwa mpaka ugonjwa wake uote. Anaweza kutetemeka kwa homa, akatapika, akashindwa kunyanyua kikombe, na hakuna jirani atakayempa pole, kwa sababu kumpa mtu pole ya ugonjwa ambao haujathibitishwa huhesabiwa kuwa uzushi. Nilikaa huko tangu mwisho wa masika mpaka majani ya bondeni yalipoanza kukauka. Safari ya kufika haina la kusimuliwa. Nilipokelewa vizuri, nikapewa chumba katika nyumba ya Makame, mshika kulungu, na mkewe Sikudhani.

Kwanza nieleze maana ya kuota. Juu ya mji, mlimani, ipo Nyumba ya Kuotesha, jengo jeupe lenye madirisha yasiyofunguliwa. Ndani kuna rafu za chupa bapa za kioo, na katika kila chupa mna maji mekundu hafifu. Humo huishi chembe hai za kupe. Si kupe mwenyewe. Ni chembe zilizotolewa katika mayai ya kupe zamani za mababu, zikalishwa, zikagawanyika, zikahamishiwa chupa nyingine, na bado ziko hai ingawa kupe aliyeyataga mayai hayo alikufa kabla hajazaliwa mtu yeyote niliyekutana naye kule.

Vipo vijidudu vya maradhi vinavyokubali kuota hata kwenye mchuzi wa nyama. Vile anavyovichukua kupe kutoka kwa kulungu wa porini havikubali. Vinataka kukaa ndani ya chembe iliyo hai. Kwa hiyo Wayakini hutia damu ya kulungu katika chupa yenye chembe za kupe, wakangoja. Vijidudu vikiingia na kuzaana, huonekana kwa hadubini, baada ya kutiwa rangi, kama vishada vidogo vya zambarau. Hapo ugonjwa umeota. Hupewa jina, na mtu aliyeupata hupewa dawa. Kazi yenyewe ni ya subira na mikono mitulivu, na sikuona mahali pa kuicheka.

Nilichochelewa kukielewa ni sheria zake. Ya kwanza inasema damu ya kuotesha itoke kwa mnyama, kamwe isitoke kwa binadamu, kwa kuwa ugonjwa ni mali ya mnyama na binadamu ameuazima tu. Ya pili inahusu matone ya usafi. Chupa iliyoachwa hivihivi huweza kuingiwa na ukungu, ikachafuka, ikanuka, na chupa chafu ni aibu kubwa kuliko zote nchini humo. Mtu aliyewahi kuwa na chupa chafu hatajwi kwa jina lake tena. Huitwa Ukungu, na watoto wake huitwa watoto wa Ukungu. Ili kuepuka hayo, kila chupa hutiwa matone ya dawa inayoua vijidudu. Dawa hiyohiyo, kwa kipimo kikubwa zaidi, ndiyo wanayopewa wagonjwa.

Makame alikuwa mtu wa mwili mkubwa na maneno machache ya mzaha. Kazi yake ilikuwa kuwanasa kulungu kwa wavu na kuwashika pembe wakati watumishi wa Nyumba wakiwatoa damu. Jioni alikaa kwenye kigoda uani na mkewe akamtafuta kupe shingoni na nyuma ya masikio.

"Huyu amekupenda kuliko mimi," Sikudhani alimwambia siku moja, akimvuta kupe taratibu asimkate kichwa.

"Angalau yeye akinishika hanisemi."

"Hakusemi kwa sababu mdomo umejaa."

Haukupita muda mrefu homa ikamwanza. Siku za mwanzo alikwenda kazini vilevile. Kisha akaanguka bondeni, na mwenzake Mbaraka, ambaye kwa miaka yote alishika pembe ya kushoto Makame akishika ya kulia, akamleta nyumbani mgongoni.

"Shemeji, pokea mzigo wako," alisema Mbaraka mlangoni akihema. "Tumbo lote hili umelilisha wewe, mimi ndiye wa kulibeba."

"Mlaze hapa, shemeji."

"Mshika pembe ya kushoto siku zote hulalamika," Makame alisema akiwa amefumba macho. "Upande mwepesi ule."

Jirani aliyekuwa akichungulia alicheka kidogo, akarudi ndani kwake. Hakusema pole. Usoni niliona kwamba angependa kuisema.

Bi Kidawa alikuja siku hiyohiyo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Makame na mlezi wa chupa katika Nyumba ya Kuotesha, cheo cha pili kutoka juu. Mama yao alikufa mapema, na ni yeye aliyemlea Makame. Alimgusa mdogo wake paji la uso, akakaa pembeni ya kitanda, akauliza swali ambalo sheria inamtaka kila ndugu aulize.

"Kulungu gani?"

"Yule dume mwenye sikio lililochanika," Makame alijibu. "Dada, nilimshika kwa muda mrefu. Watu wako walikuwa wanatafuta mshipa."

"Mbaraka, unamjua?"

"Namjua. Amewahi kunipiga teke."

"Basi nenda kamlete."

Mbaraka alikwenda na wavu na watu wengine. Walirudi na damu katika kichupa, na wakasema dume yule alikuwa mzima kabisa, amenenepa, na amekwishapata jike. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba ndivyo ilivyo mara nyingi: kulungu hubeba vijidudu hivi bila kuumwa. Wayakini nao wanalijua jambo hili, na kwao ni sababu zaidi ya kusema kwamba ugonjwa hauko.

Bi Kidawa aliitia damu ile chupani kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuwepo, maana aliniruhusu kutazama. Aliitia polepole, akaitikisa chupa kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke, na mwisho akachukua kijimrija cha kudondoshea akatia matone ya usafi.

Nilisubiri hadi alipomaliza kunawa, nikamuuliza, "Bi Kidawa, matone haya yanaua nini?"

"Vyote vidogo vinavyoota."

"Hata kile kinachomuua Makame?"

Alinitazama bila hasira. "Mgeni, hicho bado hakijaota. Siwezi kusema kinamuua."

"Lakini kama kimo katika damu hii, matone si yatakiua?"

"Yatakiua," alisema, akakausha vidole kimoja kimoja.

Nilidhani sikumsikia vizuri, au kwamba kuna hatua nyingine ambayo bado sijaonyeshwa. Nilijisemea ningoje. Siku zilipita, chupa ikabaki safi, maji yake yakang'aa, na chini ya hadubini chembe zilikuwa nzuri, duara, tupu.

Nyumbani Makame aliacha kula. Sikudhani alimpikia uji wa mtama, akaubadilisha kwa supu, akaibadilisha kwa chai ya maziwa, na kila kimoja akakirudisha jikoni. Ngozi ya mume wake ikaanza kuwa na rangi ya manjano. Jioni Sikudhani alimngoja wifi yake, Bi Kidawa, uani, mbali na chumba cha mgonjwa.

"Wifi, ile dawa iko mfukoni mwako sasa hivi."

"Iko."

"Kila siku unaipeleka ukaipe chupa."

"Chupa haina neno la kujitetea ikichafuka. Makame ana mimi." Bi Kidawa alikaa kwenye kigoda kile cha kutolea kupe. "Nisikilize, Sikudhani. Nikimpa bila ushahidi akapona, watasema hakuwa mgonjwa. Mzima aliyekula dawa ya wagonjwa anafukuzwa nchini, yeye na nyumba yake. Utakwenda wapi naye? Tena wapo wengine bondeni wanaoshika pembe. Nikipata ushahidi mmoja tu, wote watapewa dawa, si yeye peke yake."

"Mimi sikuolewa na wote."

"Najua."

"Basi nifukuzwe naye. Nitambeba kama Mbaraka."

 Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa chumba changu, na hakuna aliyejali kwamba nasikia. Nilifikiri hoja ya mmoja, nikafikiri hoja ya mwingine, na nakiri kwamba jioni ile kila moja niliiona kuwa na uzito wake.

Alichofanya Bi Kidawa ni kuomba Baraza la Nyumba liruhusu chupa moja isitiwe matone. Baraza lilikutana ukumbini, na wageni huruhusiwa kusikiliza. Aliyeketi juu alikuwa Mwangalizi Mkuu, Bwana Hatibu, mzee mwenye sauti nzuri, mpole, aliyemwuliza kila msemaji kama amekunywa maji.

Bi Kidawa alieleza ombi lake kwa maneno machache. Mjumbe wa kwanza kusimama alisema kwamba tangu matone yaanze kutumika, hakuna ugonjwa hata mmoja wa kupe uliowahi kuota, na huu ni ushahidi kwamba nchi imekuwa safi. Kuondoa matone, alisema, ni kuukaribisha ugonjwa uje.

"Na watu wanaokufa bondeni?" aliuliza mjumbe wa pili, mwanamke aliyesuka nywele za mvi.

"Wanakufa kwa kitu gani?"

"Ndicho ninachouliza."

"Basi uliza kitu kilichopo, Bibi. Hapa si kijiweni."

Watu walicheka, naye yule mwanamke akacheka pia, akaketi. Mwingine alisema anamheshimu Bi Kidawa na anamjua Makame, tena alikula nyama ya harusi yake, na kwa sababu hiyo hasa hawezi kuunga mkono, maana upendo ndio unaoingiza ukungu katika chupa. Wakalijadili kwa muda mrefu swali la kama chupa isiyo na matone inaweza kuitwa chupa. Bwana Hatibu mwishoni aliuliza, "Ikichafuka, Kidawa, utakubali kuitwa Ukungu?"

"Nitakubali."

"Wewe utakubali. Lakini Nyumba nayo itaitwa hivyo, na Nyumba haijakubali."

Mikono iliinuliwa, ombi likakataliwa. Bwana Hatibu alishuka, akamshika Bi Kidawa mkono, akamwuliza hali ya mdogo wake, kwa namna sheria inavyoruhusu: "Anasemaje?" Hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu mara nyingi kumkumbuka kama mtu mbaya na nimeshindwa.

Baada ya hapo Bi Kidawa alivunja sheria. Alibakiza damu kidogo ya yule dume, akaitia katika chupa mpya, na hakutia matone. Aliiweka nyuma ya rafu, mahali ambapo mkono wake tu ndio unaofika. Kila asubuhi aliitazama kwanza ile, akitafuta utando mweupe wa ukungu, kabla hajatazama nyingine yoyote. Aliniambia mwenyewe, tukiwa wawili tu. Alisema amepungua uzito.

"Itachukua muda gani kuota?" nilimuuliza.

"Hivi vinaota polepole. Majuma. Labda zaidi."

"Makame ana majuma?"

Alifunga mlango wa kabati. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa koti, penye matone, na haukuondoka hapo tulipokuwa tukishuka mlima.

Makame alikufa adhuhuri, siku ya soko. Saa chache kabla ya hapo alimwita Mbaraka, akamwambia, "Sasa utashika pande zote mbili, tuone utalalamika kwa nani." Mbaraka alisema atalalamika vilevile. Kisha akatoka nje, akasimama ameuelekea ukuta.

Nchini Yakini mtu aliyekufa bila ugonjwa wake kuota husemwa kwamba ameondoka. Huzikwa, lakini hapawi na matanga. Hakuna mkeka unaotandikwa uani, hakuna majirani wa kukaa na mfiwa, kwani wangelia nini ilhali hakuna kilichotokea? Baada ya mazishi kila mtu alirudi kwake. Sikudhani alifagia ua mzima, akaufagia tena. Mwanamke wa nyumba ya pili alipitisha bakuli la maharage juu ya ukuta bila kusema neno, na jioni akalidai bakuli lake kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie kwamba lilikuwa limeazimwa tu.

Bi Kidawa hakuja kwa siku kadhaa. Alipokuja alikaa chini, sakafuni, mkabala na wifi yake.

"Nilivunja sheria," alisema.

"Ipi?"

Akamweleza habari za chupa ya nyuma ya rafu. Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliweza kuvunja," alisema.

"Niliweza."

"Ukaenda kuinyima chupa dawa."

"Ndiyo."

"Na kumpa yeye hukuweza."

 Kwa sauti ambayo karibu sikuisikia, Bi Kidawa alisema, "Niliogopa sheria zote mbili, wifi. Nikachagua kuivunja ile ambayo haingekufukuzisha wewe. Nilidhani nimechagua ndogo."

Sikudhani hakumfukuza. Alikwenda jikoni akaleta chai, wakainywa wote wawili.

Chupa iliota. Bi Kidawa alinionyesha: ndani ya chembe, vishada vya zambarau, vingi, vimejaa mpaka chembe nyingine zimepasuka. Hakuna ukungu. Aliipeleka mwenyewe kwa Bwana Hatibu, akasema amefanya nini na kwamba yuko tayari kwa adhabu.

Hapakuwa na adhabu. Bwana Hatibu aliitazama chupa kwa hadubini kwa muda mrefu, na alipoinua uso alikuwa na machozi. Tangazo lilisomwa sokoni kwamba Nyumba ya Kuotesha, kwa usafi wake usio na mfano, imeotesha ugonjwa wa kupe wa kulungu. Mjumbe aliyesema matone ndiyo yanayoilinda nchi alisimama kueleza kwamba chupa hii iliota vizuri kwa sababu chupa za jirani yake zote zilikuwa na matone. Na kwa kuwa ugonjwa huitwa jina la mtu wake, ugonjwa ule ukaitwa Makame.

Ugonjwa unapopewa jina hufanyiwa sherehe. Lakini pia, kwa kuwa sasa ilithibitika kwamba Makame alikuwa mgonjwa, matanga yake yaliruhusiwa, na sheria haikutaja lipi litangulie. Yote mawili yakafanywa siku moja, ua mmoja. Wanawake walikuja na masufuria ya pilau, wakalia. Walilia kwelikweli, maana walikuwa wamekaa na kilio hicho tangu siku ya soko. Wakimaliza kumkumbatia Sikudhani walikwenda kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, wakaitazama chupa, wakampongeza Bi Kidawa. Mwanamke wa bakuli la maharage alisema pole mara nyingi sana, mfululizo, kama mtu anayelipa za nyuma.

Mbaraka hakuja. Alikuwa amelala kwake na homa.

Alasiri Bwana Hatibu aliketi karibu na mfiwa. Alisema kuwa dawa ya Makame, kipimo kamili, imeletwa, na akaiweka mbele yake kwenye sahani, kwani ilikuwa haki yake. Kisha akamweleza desturi. Chupa iliyoota hulelewa na mtu wa nyumba ya yule ambaye imepewa jina lake. Mlezi huyo hufundishwa kazi, hupewa koti. "Lakini hatulazimishi," alisema. "Ukikataa, tutaimaliza kwa matone leoleo. Hakuna atakayekulaumu."

"Ikifa, Mbaraka atapewa dawa?"

"Ugonjwa usiokuwepo hauna dawa, mama."

"Na ikiishi?"

"Maadamu iko hai, yeye na wote wa bondeni watapewa."

Sikudhani aliitazama sahani. Alichukua ile dawa ya mume wake, akampa jirani mmoja, akamwambia aipeleke kwa Mbaraka upesi. Bwana Hatibu alianza kusema kwamba ile ilikuwa ya Makame, kisha akanyamaza, na kwa hilo namshukuru. Sikudhani akamgeukia Bi Kidawa.

"Inakula nini?"

Niliwatembelea kwa mara ya mwisho kule mlimani kabla ya kuondoka nchini. Mbaraka alikuwa amepata nafuu, amekwishaanza kuketi kitandani na kugombana na mkewe juu ya uji. Nyumba ilikuwa kimya, na Sikudhani alikuwa amevaa koti jeupe lililomzidi mabega. Alinieleza kazi. Maji yakigeuka manjano, kuna njaa. Hutolewa ya zamani, hutiwa mapya. Chembe zikipasuka zote, vijidudu hukosa pa kukaa, basi lazima aongeze chembe changa kabla hazijaisha.

"Jana niliisahau mpaka mchana," alisema. "Nilipokumbuka nikapanda mlima mbio, mgeni. Mbio kama mtu aliyeacha mtoto karibu na moto."

Aliinamisha chupa, akavuta maji ya manjano taratibu, akatia mekundu. Hakumwaga hata tone. Katika muda wote niliokuwa pale hakuitaja kwa jina, ingawa kila mtu mwingine katika Nyumba ile alikuwa akiitaja hivyo, kwa mapenzi, kama wanavyofanya kwa chupa iliyoota.

Bwana Hatibu alipita ukumbini na faili kwapani. Alisimama mlangoni kama anavyosimama kila siku.

"Makame anaendeleaje leo?"

Sikudhani aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda.

"Anakula vizuri," alisema.

Bi Kidawa, aliyekuwa akiosha vioo kwenye sinki, alikuwa amefunga bomba ili asikie. Akalifungua tena.